Frédéric Bastiat: miaka sita ya kuhesabu kisichoonekana

Ukitaja jina la Frédéric Bastiat, anayelijua atakujibu kwa habari ya kioo cha dirisha kilichovunjwa, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Kwangu huko ni kumpunja. Mtu huyu alikuwa mwandishi wa magazeti, mchumi na mbunge wa Ufaransa kwa miaka sita tu na kidogo, tangu Oktoba 1844 hadi Desemba 1850. Kabla ya hapo alikuwa mkulima wa zabibu na hakimu wa mji mdogo, amefikisha miaka 43, na Paris haikuwa na habari naye. Anayetaka kumwelewa vizuri aanzie shambani.

Alizaliwa mwaka 1801 Bayonne, bandari ya kusini-magharibi karibu na mpaka wa Hispania, katika ukoo wa wafanyabiashara. Alipofika miaka tisa alikuwa ameshafiwa na wazazi wote wawili, akalelewa na babu yake mzaa baba na shangazi yake. Shule aliiacha bila kumaliza, na mwaka 1818 akaingia katika duka la biashara la ukoo. Pale alishika vitabu vya hesabu na kujionea jinsi vita na ushuru wa forodha ulivyoidhoofisha bandari iliyokuwa ikiishi kwa kuuziana na Wahispania na Wareno. Babu alipofariki mwaka 1825, Bastiat alirithi mashamba ya Mugron, mkoa wa Landes, juu ya mto Adour. Huo ndio mto uliokuwa ukiteremsha mapipa ya mvinyo hadi Bayonne.

Mashamba yale yalilimwa na wakulima wa kugawana mavuno: mwenye ardhi anatoa shamba, mkulima anatoa jasho, mazao yanagawanywa. Bastiat alijaribu kuingiza mbinu mpya za kilimo akashindwa. Sababu haikuwa ujinga wa wakulima. Mtu anayekula nusu ya mavuno hana akiba ya kumvusha mwaka mmoja mbaya, kwa hiyo hawezi kulifanya shamba zima uwanja wa majaribio ya mwenye ardhi. Mwaka 1831 aliteuliwa kuwa hakimu wa mahakama ya chini ya Mugron, ile ya kesi za madeni, mipaka na ugomvi wa majirani, na mwaka 1833 akaingia katika baraza la mkoa. Hakimu wa kesi ndogo ana kazi moja kubwa: aliyesimama mbele yake anaeleza hasara yake kwa machozi, na hakimu lazima aulize habari za yule ambaye hajafika barazani. Naona mwandishi Bastiat alizaliwa katika chumba kile.

Maandishi yake ya mwanzo yalihusu mvinyo na kodi. Mwaka 1841 na 1843 aliandika kuhusu mzigo uliokuwa ukiwaangukia wakulima wa zabibu. Mvinyo wa Ufaransa ulilipiwa kodi ya kusafirishwa, kodi ya kuingia mjini, kodi ya kuuzwa rejareja, na juu yake ushuru wa manispaa. Kodi ya kusafirisha ilihesabiwa kwa ujazo wa pipa, wala haikujali bei, hivyo mvinyo wa bei ya chini wa Landes ulibanwa zaidi ya mvinyo wa matajiri. Ng'ambo nako mambo hayakuwa mepesi. Ufaransa ilizuia vyuma na nguo za kigeni ili kuvikinga viwanda vya kaskazini, na mataifa mengine yakalipiza kwa kuutoza mvinyo. Mwenye kiwanda cha nguo alilindwa, na gharama ya ulinzi ule ikalipwa na mkulima wa zabibu ambaye hakuulizwa.

Kilichomtoa Mugron ni kosa la tafsiri. Katika klabu ya mji, ambako watu walikutana kusoma magazeti na kucheza karata, mmoja wao alileta gazeti la Paris likimnukuu Robert Peel, waziri mkuu wa Uingereza, akisema kwamba nchi yake ikifuata njia fulani itashuka daraja iwe kama Ufaransa. Watu walikasirika. Bastiat, aliyekijua Kiingereza, aliandika kuomba gazeti lenyewe la London ili asome maneno hayo kwa macho yake. Lilipofika akakuta maneno "kama Ufaransa" hayamo. Yameongezwa na mfasiri. Akajiandikisha kulipata gazeti la *The Globe and Traveller*, na humo akakutana na jambo ambalo magazeti ya kwao hayakuwa yakilipa nafasi. Huko Manchester, Richard Cobden na wenzake walikuwa wakiendesha vuguvugu la umma la kufuta ushuru wa nafaka, na maelfu ya watu walijaa kwenye mikutano yao.

Akakaa chini akaandika makala ndefu ya kulinganisha ushuru wa Ufaransa na wa Uingereza, akaipeleka kwa jarida la wachumi la Paris, *Journal des économistes*. Ilitoka Oktoba 1844. Mwaka uliofuata akatoa kitabu kizima kuhusu Cobden na chama chake, kilichojaa hotuba alizozitafsiri mwenyewe, akavuka bahari kwenda kuonana na Cobden ana kwa ana, na akaanza kuchapisha makala fupi zilizompa jina.

Makala mashuhuri kuliko zote ni ombi la watengeneza mishumaa, na inafaa kufunguliwa kama fundi anavyofungua saa. Bastiat hapingi hoja ya watetezi wa ushuru. Anaichukua kama ilivyo, na lugha yake yote: tunaumizwa na mshindani wa kigeni, anauza kwa bei isiyowezekana, akitokea tu wateja wetu wote wanamkimbilia. Kisha anabadili kitu kimoja tu, jina la mshindani. Mshindani ni jua. Watengeneza mishumaa wanawaomba wabunge watunge sheria ya kufunga madirisha yote, pazia, matundu na nyufa, ili mwanga wa bure usiwaharibie soko.

Wengi huishia hapo wakacheka, lakini uzito wa makala uko mbele zaidi. Ombi linafuata mnyororo wa faida kiungo kwa kiungo. Mishumaa inataka shahamu, basi mifugo itaongezeka, na nyama, sufu, ngozi na mbolea navyo vitaongezeka. Taa zinataka mafuta, basi mizeituni na mimea ya mbegu za mafuta itashamiri. Nyika zitajaa miti ya utomvu. Hapo mtu wa Landes anaandika kitu anachokiona kila siku. Meli zitakwenda kuvua nyangumi. Kila kiungo ni sahihi kikiwa peke yake, na ndiyo sababu hoja ya aina hii huwanasa watu.

Halafu linakuja chungwa. Chungwa la Lisbon linauzwa nusu ya bei ya chungwa la Paris, kwa sababu joto ambalo Mreno amepewa bure na jua, mtu wa Paris analinunua kwa kuni na vioo. Watetezi wa ushuru wanasema lizuiwe, maana nusu yake ni ya bure na ushindani si wa haki. Sawa, anasema mwombaji: kama kitu chenye nusu ya bure kinazuiwa, vipi mnaruhusu mwanga wa mchana ambao ni wa bure wote? Ukikubali kanuni, huna pa kusimama. Mbinu yake imekaa hapo: anaibeba kanuni ya mpinzani hadi mwisho wa njia, mahali ambapo mwenyewe asingethubutu kufika.

Kazi ya chama haikwenda vizuri kama kazi ya kalamu. Februari 1846 alisaidia kuanzisha chama cha biashara huria Bordeaux, kikafuata cha Paris, yeye akiwa katibu, na tarehe 29 Novemba 1846 likatoka gazeti la kila wiki, *Le Libre-Échange*, yeye akiwa mhariri. Lilidumu matoleo 72, hadi Aprili 1848, na halikubadili sheria hata moja ya ushuru.

Kushindwa huko hakukutokana na uvivu. Uingereza ilikuwa na mkate: ushuru wa nafaka ulipandisha bei ya chakula cha kila mfanyakazi, kwa hiyo hoja ilieleweka kwa tumbo. Ufaransa haikuwa na bidhaa moja ya namna hiyo, na wakulima wake wengi waliamini kwamba ushuru unawalinda hata wao. Cobden alikuwa na fedha za wenye viwanda vya pamba waliotaka masoko. Wenye viwanda wa Ufaransa walikuwa upande wa pili, wakiongozwa na watu kama Auguste Mimerel wa Roubaix, na gazeti lao *Le Moniteur industriel*. Cobden alikuwa na barua za senti moja nchi nzima tangu 1840, ilhali nauli ya barua Ufaransa ilipanda kwa umbali. Sheria ya Ufaransa ilitaka kibali cha serikali kwa chama chochote kinachozidi watu 20. Wapiga kura nao hawakufika robo milioni, kwa kuwa ilibidi mtu awe analipa kodi ya moja kwa moja ya faranga 200 kwa mwaka. Hao ndio waliokuwa na mali za kulindwa. Ongeza tuhuma iliyorudiwa kila wiki kwamba wanaopigania biashara huria wametumwa na Waingereza, jambo gumu kulikanusha unapokuwa umeandika kitabu kizima cha kumsifu Mwingereza.

Februari 1848 mfalme Louis-Philippe aliangushwa. Siku chache baadaye Bastiat na wenzake vijana, Gustave de Molinari akiwa mmojawapo, walikuwa wameshaanzisha gazeti dogo la kuuzwa mitaani, na mwezi Juni wakatoa jingine, *Jacques Bonhomme*, jina la utani la mkulima wa kawaida wa Kifaransa. Lilichapwa kwa namna ya kubandikwa ukutani, watu walisome wakiwa wamesimama. Sentensi zake ni fupi, maana msomaji wa ukutani hana kiti. Lilikufa baada ya matoleo manne, kwa kuwa Juni hiyo hiyo wafanyakazi wa Paris walijenga vizuizi barabarani na damu ikamwagika.

Aprili 1848, katika uchaguzi wa kwanza wa wanaume wote, mkoa wa Landes ulimpeleka Bunge la Katiba, na mwaka 1849 ukamrudisha katika bunge lililofuata. Wenzake walimchagua makamu mwenyekiti wa kamati ya fedha. Hapo ndipo tunapoona uchungu wa kazi yake: bunge lilikuwa na wajumbe 900, hakuna kipaza sauti, na yeye alikuwa na koo linalougua, sauti haivuki safu za mbele. Mtu aliyewaza haraka kuliko wengi ukumbini hakuweza kusikika. Hivyo akahamishia hotuba kwenye karatasi. Vijitabu vyake vingi vya 1848 hadi 1850 ni hotuba ambazo koo lilizikataa.

Alikaa na nani bungeni? Swali hili linawapa shida wanaopenda kumweka kwenye sanduku moja. Alipinga karakana za taifa, zilizofunguliwa na serikali ili kuwapa kazi wasio na ajira, na haki ya kisheria ya kupewa kazi, hivyo wasoshalisti walimwona adui. Lakini wahafidhina walipotaka Louis Blanc, kiongozi wa wasoshalisti, ashtakiwe, Bastiat alipiga kura ya hapana. Alitaka bajeti ya jeshi ikatwe na kodi za chumvi na vinywaji zishuke, kwa hoja kwamba huwezi kupunguza kodi ya maskini huku ukiendelea kulipia majeshi.

Tarehe 17 Novemba 1849 alisimama kuzungumzia wafanyakazi wanaogoma. Kifungu cha 415 cha sheria ya adhabu kiliwatia hatiani wafanyakazi waliokubaliana kuacha kazi ili wapandishiwe ujira. Bastiat alisema hakuna kosa hapo. Kama mtu mmoja ana haki ya kukataa kuuza kazi yake kwa bei fulani, haki hiyo haigeuki uhalifu kwa kuwa watu ishirini wameitumia siku moja. Kiadhibiwe kipigo, kiadhibiwe kitisho, basi. Bunge halikumsikiliza, likarekebisha sheria ili waajiri na wafanyakazi waadhibiwe sawa. Ilichukua hadi Mei 1864 mgomo wa amani kuondolewa katika orodha ya makosa. Anayemtaja Bastiat kama wakili wa matajiri aanze kwa kujibu hotuba hii.

Mwaka huo huo alikuwa kwenye mjadala wa riba na Pierre-Joseph Proudhon, mwanafalsafa aliyesema mali ni wizi. Walibishana kwa barua zilizochapwa katika gazeti la Proudhon mwenyewe, *La Voix du Peuple*, na nawapa heshima wote wawili kwa hilo. Mfano ambao Bastiat alikuwa ameujenga mapema mwaka huo, katika kijitabu chake kuhusu mtaji na faida yake, unahusu randa. Seremala mmoja anatumia siku 10 kati ya siku 300 za kazi za mwaka kujitengenezea randa. Jirani anamwomba amwazime kwa mwaka. Seremala anamwambia: randa itachakaa mikononi mwako, kwa hiyo mwisho wa mwaka utanirudishia randa mpya. Lakini hata hivyo mimi nitakuwa nimekosa mwaka mzima wa kuitumia, basi uniongezee ubao mmoja. Huo ubao ndio riba. Unatoka wapi? Unatoka katika mbao za ziada ambazo jirani ameziranda kwa sababu alikuwa na randa, ambazo mikono mitupu isingezitoa. Mwazimaji anabaki na faida, mwazimishaji analipwa kwa kungoja.

Mfano ni mzuri, ila una pengo, na Proudhon alilipiga hapo hapo. Randa imetoka kwenye mikono ya mwenyewe. Mtaji wa Ufaransa ya 1849 haukutoka wote kwenye siku 10 za mtu mwaminifu, na benki yenye upendeleo wa serikali si seremala. Proudhon alitaka benki ya kubadilishana ambayo ingeshusha riba hadi sifuri. Bastiat alimjibu vizuri kwamba gharama ya kungoja haifutwi kwa kuandika hati nyingi zaidi, lakini swali la randa ilipatikanaje hakulimaliza. Barua zilikwisha kwa hasira, Proudhon akimtangaza mwenzake kuwa kisayansi ameshakufa.

Sasa tuje kwenye kioo. Kijitabu cha *Ce qu'on voit et ce qu'on ne voit pas*, kinachoonekana na kisichoonekana, kilitoka Julai 1850. Muswada wa kwanza ulimpotea akihama nyumba. Akauandika upya, akausoma, akaona umekuwa mzito mno, akautupa motoni. Kilichotufikia ni andiko la tatu, la mgonjwa wa miezi yake ya mwisho, na wepesi wake wote umelipiwa hivyo.

Mtoto amevunja kioo. Fundi vioo anakuja, analipwa faranga 6. Bastiat hakatai hata kidogo kwamba fundi amepata riziki. Anachouliza ni mwenye nyumba angefanya nini na faranga zile: pengine angenunua viatu, na fundi viatu angepata faranga 6. Kwa hiyo kazi iliyoongezeka kwa mmoja imepungua kwa mwingine. Hadi hapo ni sare. Hasara iko kwa mwenye nyumba: awali angekuwa na kioo na viatu, sasa ana kioo peke yake. Watu wawili tunawaona, mwenye nyumba na fundi vioo. Wa tatu, fundi viatu, hajafika barazani.

Kosa kubwa la wanaoutumia mfano huu ni kuugeuza kanuni kwamba kila senti ya serikali ni kioo kilichovunjwa. Bastiat hakuandika hivyo. Katika sura ya kodi ya kijitabu hicho hicho anasema mtumishi wa umma anayekupa huduma yenye thamani ya unachomlipa ni sawasawa na fundi viatu anayekupa viatu. Anachokikataa ni kuhalalisha matumizi kwa sababu tu yanatoa ajira, bila kuuliza huduma yenyewe ni nini. Tena katika sura ya ujenzi wa umma anakubali kwamba wakati wa shida, kwa mfano baridi kali, kazi za serikali za muda zinaweza kusaidia, kama bima inavyofanya. Sentensi hiyo ni fupi na rahisi kurukwa, lakini imo. Pengo la mfano liko kwingine: hesabu yake inachukulia kwamba faranga 6 zingetumika kwa vyovyote. Alijibu kwamba hata akiba hutumika, maana humfikia mkopaji. Katika nchi ambako watu wamezificha fedha kwa hofu na mafundi viatu wamekaa bure, jibu hilo halitoshi.

Kitabu chake kikubwa cha nadharia, *Harmonies économiques*, cha mwaka huo huo wa 1850, mimi nakiona dhaifu kuliko vijitabu. Alitaka kuonyesha kwamba masilahi halali ya watu yanapatana yenyewe, na ili afike huko alilazimika kusema thamani ya ardhi ni malipo ya huduma ya kazi tu, jambo ambalo mkulima wa Mugron angepaswa kulishuku; kuna ardhi yenye rutuba na ardhi ya mchanga. Hata Journal des économistes ilikipokea kwa baridi.

Vuli ya 1850 madaktari walimpeleka Italia, Pisa kisha Rome. Hakuweza tena kula vizuri wala kusema. Rafiki yake Prosper Paillottet alisafiri kumfuata, akapokea maagizo ya jinsi ya kupanga karatasi zilizobaki, na baadaye akachapisha kazi zake zote. Bastiat alifariki tarehe 24 Desemba 1850, akiwa na miaka 49, akazikwa katika kanisa la San Luigi dei Francesi.

Tarehe 23 Januari 1860 Cobden na Michel Chevalier, mwenzake Bastiat katika chama cha Paris, walikamilisha mkataba wa biashara kati ya Uingereza na Ufaransa. Ulipita kwa sababu katiba ya Napoleon III, mtawala wa Ufaransa wakati huo, ilimruhusu kusaini mikataba ya ushuru bila kura ya bunge. Ufaransa iliondoa makatazo ya bidhaa za viwanda na kukubali ushuru usiozidi asilimia 30. Uingereza nayo iligusa mvinyo: ushuru uliokaribia shilingi 6 kwa galoni ulishushwa hadi shilingi 3, na ndani ya miaka miwili mvinyo mwepesi, wa aina inayopakiwa Bordeaux, ukawa unalipiwa shilingi 1.